Aprili au Agosti? Jibu kwa mwalimu anayetaka kutazama ndege kusini mwa Ulaya

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari anayeishi Nakuru ameniletea swali. Anasema ametazama ndege kwa muda mrefu kandokando ya ziwa na katika Bonde la Ufa kwa jumla, na kwamba dada yake anayeishi Madrid amemwalika yeye na mume wake wakamtembelee kwa siku kumi, ama katika likizo ya shule ya Aprili ama katika ile ya Agosti. Amekwisha kusoma habari za Camargue iliyoko Ufaransa, za Doñana na Tarifa zilizoko Hispania, na za kisiwa cha Lesvos huko Ugiriki, na kila anayeandika anavutia kwake. Mume wake hana haja sana na ndege, ila anapenda historia. Mwalimu anauliza: ikiwa nafasi ni ya sehemu moja tu, waende wapi?

Mwalimu, shikamoo kwa kazi ya chaki, na jibu langu ni hili: nendeni Aprili, na nendeni Extremadura, jimbo la magharibi mwa Hispania linalopakana na Ureno, ingawa jina hilo halimo katika orodha yako. Sababu zangu ni ndefu kidogo, na naomba unifuate hatua kwa hatua, kwa kuwa ukizikataa hizo sababu una haki ya kulikataa jibu pia.

Watu wengi huchagua safari ya namna hii kwa kuanzia na jina la mahali palipovuma. Mimi humshauri mtu aanze na mambo mawili: mwezi alio nao, na ndege anaowaona kwao bila kupanda ndege ya abiria. Jambo la pili husahauliwa mno, kwa sababu maandishi mengi kuhusu ndege wa Ulaya ya kusini yameandikwa kwa ajili ya Mwingereza au Mholanzi ambaye flamingo, keremkerem na hudihudi kwake ni maajabu. Kwako wewe si maajabu. Keremkerem wa Ulaya hupita juu ya Nakuru kila mwaka wakienda kusini kuanzia Septemba hadi Novemba, na hurudi Machi na Aprili. Kambu wa Ulaya hufuata pwani ya Tanzania na Kenya kwa maelfu mwezi Aprili wakielekea Somalia na kwingineko. Na flamingo wakubwa wa Camargue ni wa aina ileile inayosimama kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Ni kweli kwamba maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda katika miaka ya 2010 flamingo wengi walihamia Bogoria na kwingine, lakini safari ya Bogoria ni ya nusu siku kwa gari, nayo haihitaji viza.

Kwa hiyo Camargue naiondoa kwanza, na nafanya hivyo kwa heshima, maana delta ile ya mto Rhône ni mahali pazuri sana kwa mtu anayeanza. Kusini kidogo ya mji wa Arles unaona flamingo wakikaribia barabara, farasi weupe kwenye maji, na mbu wa kutosha. Ila kwa mtu wa Nakuru, kuvuka bara zima ili kutazama flamingo ni kutumia vibaya siku kumi ambazo huenda zisipatikane tena upesi.

Lesvos nayo ni habari nyingine, na siiondoi kwa moyo mwepesi. Kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei, kisiwa hicho kilicho karibu kabisa na ufuko wa Uturuki hupokea wimbi la ndege wahamaji wanaotoka Afrika, nao hutua kwenye mashamba ya chumvi ya Kalloni na kwenye vichaka vya upande wa magharibi wakiwa wamechoka na hawaogopi watu. Wako pia ndege wawili watatu ambao wapenzi wa ndege husafiri kutoka pande zote za Ulaya kuwafuata, akiwemo gotagota mdogo wa misonobari ambaye kwa Ugiriki yote hupatikana kwenye kisiwa hicho pekee. Lakini sehemu kubwa ya uzuri wa Lesvos ni ndege wanaopita njiani, na wewe unaishi kwenye ncha ya pili ya njia hiyohiyo. Zaidi ya hayo, kutoka Madrid utahitaji ndege hadi Athens na nyingine hadi Mytilene, na siku mbili kati ya kumi zitaishia viwanjani. Ihifadhi kwa safari ya pili.

Doñana inaniuma kuiandikia. Ni hifadhi ya taifa tangu 1969 na Urithi wa Dunia tangu 1994, na bado kuna miaka ambapo mvua za majira ya baridi hushuka vizuri, bwawa la mbele ya kijiji cha El Rocío hujaa, na mtu akisimama barabarani huona domomwiko, kwarara na bata kwa mamia. Ila maji ya ardhini chini ya hifadhi ile yamenyonywa kwa miaka mingi na visima vya mashamba ya stroberi na miji ya kitalii ya pwani, kiasi kwamba Santa Olalla, ziwa lake kubwa la kudumu, lilikauka kabisa katika majira ya joto ya 2022 na tena 2023. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kuitia Hispania hatiani kwa jambo hili mwaka 2021. Mwenye kukaa Seville anaweza kungoja mwaka wa mvua kisha akaenda. Anayetoka Nakuru na tarehe zilizokwisha kupangwa na shule hawezi kungoja.

Sasa Extremadura. Ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 41,000, na watu wake ni milioni moja na kidogo tu, kwa hiyo ukitoka mjini unakutana na nchi wazi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni malisho yenye miti ya mwaloni iliyoachana mbalimbali, ambayo Wahispania huyaita *dehesa*, ambamo ng'ombe, kondoo na nguruwe weusi wanaokula matunda ya mwaloni hulishwa chini ya miti ileile inayotoa kizibo cha chupa. Kwa macho ya mtu aliyezoea savana ya migunga, mandhari hayo yatakuwa na sura ya kufahamika, na utajikuta unajua mahali pa kutazama bila kuelekezwa. Ndani ya miti hiyo wamo makundi ya ndege wa jamii ya kunguru, wenye kofia nyeusi, mabawa ya samawati na mkia mrefu, ambao duniani kote wanaishi Hispania na Ureno peke yake. Hao utawaona siku ya kwanza, kando ya barabara, wala hawahitaji kutafutwa.

Mahali ambapo miti huisha, karibu na Trujillo na Cáceres, huanza tambarare za nyasi na ngano, na hapo ndipo penye sababu yangu kubwa ya kukuambia Aprili. Bila shaka unamfahamu tandawala kori wa Maasai Mara na Amboseli. Jamaa yake wa Ulaya, tandawala mkubwa wa madoa ya hudhurungi, anashindana naye kwa uzito miongoni mwa ndege wote wanaoruka, na zaidi ya nusu ya waliobaki duniani wanaishi Hispania. Mwishoni mwa Machi na katika Aprili madume hujionyesha kwa majike, na namna wanavyofanya haifanani na kitu kingine. Dume husimama peke yake juu ya mwinuko mdogo. Huinua mkia na kuulaza mgongoni, hufurisha shingo hadi kichwa kinazama ndani yake na masharubu yake yanasimama wima pande mbili za uso, kisha huyapindua manyoya ya mabawa, ule weupe wa chini ukaja juu. Ndege aliyekuwa na rangi ya majani makavu, ambaye dakika moja iliyopita ungempita bila kumwona, anakuwa tufe jeupe linaloonekana ukiwa umbali wa kilomita nzima na zaidi. Hutetemeka hivyo kwa muda, hugeuka upande huu na ule, kisha hujikunjua na kurudi kuwa nyasi. Mei inapoingia, majani huwa marefu, majike hulalia mayai, na onyesho limekwisha.

Kwenye tambarare hizohizo wako tandawala wadogo, ambao kwa masikitiko wamepungua sana kila mahali kadiri mashamba yanavyolimwa bila kupumzishwa. Wako firigogo wanaoruka kwa makundi kwenda kunywa maji asubuhi. Na wako vipozamataza wanaoimba angani kuanzia mapambazuko. Kambu utamkuta pia, katika masanduku ya viota yaliyofungwa kwenye nguzo za umeme. Najua nimesema huna haja ya kuwafuata kambu hadi Ulaya, ila kumwona akilisha makinda ni jambo ambalo kwenu halionekani, maana wa Ulaya huja Afrika akiwa mgeni wa mapumziko tu.

Mwendo wa saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, mahali mto Tagus unapokata safu ya vilima, ipo hifadhi ya taifa ya Monfragüe, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2007. Kuna kituo kando ya barabara kinachoitwa Salto del Gitano, mkabala wa jabali refu lililosimama ng'ambo ya mto. Fikeni hapo mnamo saa tatu asubuhi. Tumbusi wa kahawia huwa bado wametulia kwenye kingo za mwamba wakingoja hewa ipate moto, na kwa darubini ya kawaida mtu huona kinda la mwaka huu ndani ya kiota. Saa nne ikikaribia, mmoja hujitupa, halafu wa pili, na baada ya nusu saa anga lote limejaa duara la mabawa, wengine wakipita karibu kiasi cha kusikia upepo ukikwaruza manyoya. Chini, karibu na maji, korongo mweusi hulalia mayai kwenye ufa wa mwamba. Tumbusi wa Misri hupita mmojammoja. Ukitulia na kutazama juu zaidi utamtambua tumbusi mweusi kwa mabawa yake mapana yaliyonyooka kama ubao. Katika Monfragüe pekee kuna jozi zaidi ya 300 za tumbusi huyu, ambaye hujenga juu ya miti na si kwenye majabali.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa nadhani mtu wa Kenya atatazama tumbusi hawa kwa jicho tofauti na Mzungu. Unajua yaliyowapata wenu. Tumbusi wa Rüppell, anayetaga kwenye majabali ya Hell's Gate pale Naivasha, aliwekwa mwaka 2015 katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu mojawapo kubwa ni sumu ya kuulia wadudu inayomwagwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi. Hispania nayo iliwatia sumu na kuwapiga risasi kwa miongo mingi. Kisha ulipokuja ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, kanuni za Ulaya za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zililazimisha mizoga yote iondolewe mashambani na kuteketezwa, na tumbusi wakalala njaa. Kanuni zililegezwa kuanzia 2011, wafugaji katika maeneo maalumu wakaruhusiwa tena kuacha mizoga, na leo nchi hiyo ina jozi zaidi ya 30,000 za tumbusi wa kahawia. Tai wa kifalme wa Hispania, mwenye mabega meupe, ambaye haishi popote isipokuwa Hispania na Ureno, alikuwa amebaki jozi 30 hivi katika miaka ya 1960. Nguzo za umeme zilizokuwa zikimuua zikarekebishwa, sumu ikapigwa vita, na hesabu ya 2022 ilipata jozi zaidi ya 800. Kumwona huyo, nendeni Portilla del Tiétar, ndani ya hifadhi hiyohiyo, mkae, msiondoke haraka. Wanafunzi wako watakuuliza ulichokiona, na hiki ndicho ningependa uwaambie.

Mume wako hatakuwa na cha kulalamikia. Trujillo ni mji wa Francisco Pizarro, aliyeiteka dola ya Inka, na sanamu yake juu ya farasi imesimama katika uwanja mkuu. Mji mkongwe wa Cáceres ni Urithi wa Dunia tangu 1986. Mérida, ulioanzishwa na Warumi mwaka 25 kabla ya Kristo, bado una ukumbi wao wa michezo na daraja refu la mawe juu ya mto Guadiana. Na kwa bahati njema ndege wamejipenyeza katika historia hiyo: korongo weupe wamejenga juu ya minara ya makanisa, na kozi wadogo hutaga chini ya vigae vya uwanja wa ng'ombe wa Trujillo, ambao umehifadhiwa kisheria kwa ajili yao. Yeye ataangalia ukuta, wewe utaangalia paa.

Kutoka Madrid hadi Trujillo ni kilomita 250 hivi kwa barabara kuu ya A-5, mwendo wa saa mbili na nusu. Ningelala Trujillo usiku nne, kisha Torrejón el Rubio, mlangoni mwa Monfragüe, usiku mbili, na usiku mmoja Mérida, siku nyingine zikabaki kwa dada yako. Msihame kila siku. Anayehama kila siku hukosa alfajiri, na kwenye tambarare alfajiri ndiyo kila kitu. Jambo ambalo watu wa ikweta hushangazwa nalo ni saa. Katikati ya Aprili jua la huko huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama mnamo saa tatu usiku, kwa hiyo hamtalazimika kuamka usiku wa manane, na jioni ni ndefu. Asubuhi huwa na baridi, mara nyingi chini ya nyuzi 10, kwa hiyo beba sweta na koti la mvua.

Darubini yako ya 8x42 au 10x42 itatosha Monfragüe. Kwa tandawala itakuwa dhaifu, na hapo inafaa mkodi kiongozi wa ndege wa kule kwa siku moja, aje na darubini kubwa ya stendi, awaonyeshe njia zinazoruhusiwa. Ardhi karibu yote ni mali ya watu binafsi. Mnatembea kwenye barabara za umma na kwenye njia za kale za kuhamishia kondoo, hamvuki uzio, na mkikuta geti limefungwa mnaliacha limefungwa. Kwenye tambarare msishuke garini ovyo: gari ni kificho kizuri kuliko vyote, na tandawala dume akiona mtu kwa miguu huacha onyesho na kuondoka, wakati mwingine kwa siku nzima.

Ikiwa Aprili itashindikana kabisa na Agosti ikabaki peke yake, basi mnisikilize tena: msiende Extremadura. Joto la Agosti huko hupita nyuzi 38 bila shida, nyasi zimeungua, na ndege wamenyamaza. Nendeni Tarifa, mwisho wa kusini wa Hispania, ambako bahari kati ya Ulaya na Afrika ina upana wa kilomita 14 tu. Ndege wapaao kwa hewa ya moto hawawezi kuvuka bahari pana, kwa hiyo wengi wa Ulaya ya magharibi hubanwa kwenye mlango huo. Korongo weupe huvuka mwishoni mwa Julai na Agosti, mwewe weusi hufikia kilele chao katika nusu ya kwanza ya Agosti, na mwisho wa mwezi shakivale wala nyigu huanza kuongezeka. Upepo wa mashariki ukivuma kwa nguvu, ndege hungoja siku kadhaa kisha huvuka kwa pamoja, na siku hiyo ukiwapo hutaisahau. Miongoni mwa tumbusi mtafute wa Rüppell, jirani yako wa Naivasha, kwa maana wachache wa aina hiyo huonekana huko kila mwaka. Na mkipita La Barca de Vejer, simameni mtazame kwarara wenye upara waliorudishwa porini. Wanajenga viota kwenye genge lililo kando kabisa ya barabara.

Kuna pia likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ambayo hukuitaja. Desemba, Extremadura hupokea korongo wa kijivu zaidi ya 100,000 kutoka kaskazini mwa Ulaya, wa ukoo wa korongo taji wenu, nao hula matunda ya mwaloni na masalio ya mpunga karibu na Navalvillar de Pela. Tandawala wapo ila hawajionyeshi, na siku ni fupi. Mwaka ambao Aprili ina kikwazo, ningechagua Desemba kabla ya Agosti.

Mwisho, viza. Mkikaa kwa dada yako hata siku chache, yeye ndiye anayepaswa kuomba barua rasmi ya mwaliko katika ofisi ya polisi ya taifa huko Hispania, na barua hiyo huchukua muda, kwa hiyo aanze yeye kabla yenu. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiletwe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Pindi wizara inapotangaza tarehe za muhula, linganisheni na kalenda ya Pasaka, kwa kuwa katika Juma Takatifu Wahispania wenyewe husafiri na vyumba vya Trujillo hujaa. Wekeni chumba cha wiki inayofuata Pasaka, au ile ya mwisho ya likizo yenu, na mkipata nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili, chukueni ile iliyo mapema zaidi katika mwezi.